Ruhusa ya Mara Moja

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki nzima, msomaji, Bi Arlys Tollefsrud ameshikilia birika la kahawa hewani jikoni kwake, mkono umekufa ganzi, huku mpelelezi wa bima, Bwana Merle Nordby, akimsubiri ajibu swali lake. Je, alimpa Alcide Robichaux ruhusa ya kuchukua pikapu, au hakumpa?

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo ni mafupi. Alcide ni baba wa kijana anayemuoa Solveig, binti pekee wa Bi Arlys. Alitoka kwao Louisiana, kwenye joto na pilipili, akaja Minnesota kuwaona wakwe. Jumanne akaazima pikapu ya Bi Arlys ampelekee jirani yao Gordy Stenslie sufuria ya mchuzi wa kamba, Gordy akiwa ziwani ndani ya kibanda chake cha kuvulia samaki. Ziwa limeganda, magari yanapita juu yake kama barabarani. Lakini aliyezaliwa Louisiana hajui kwamba breki juu ya barafu ni pambo tu. Alikanyaga, pikapu ikaendelea na safari zake, ikaingia kibandani bila kubisha hodi. Gordy alivunjika mguu sehemu mbili, na mchuzi wote ukamwishia kichwani.

"Nilimpa," Bi Arlys akasema, akamimina kahawa.

Alijibu upesi kwa sababu alikuwa amejiandaa. Verna wa kwaya, ambaye mumewe aliwahi kugongwa na lori la maziwa na tangu hapo nyumba nzima ni wanasheria, alimpigia simu asubuhi hiyo na kumpa somo. Bima hufuata gari, haifuati dereva. Sema ulimruhusu, ulale usingizi.

Bwana Nordby akaandika. Alikuwa mtu mnene, mpole, mzaliwa wa mji wa pili kutoka hapo, na kabla ya kuruhusiwa kufungua mkoba alikuwa ameulizwa habari za mama yake, nyonga ya mama yake na mbwa wa mama yake. Kinasa sauti chake kilikaa mezani kati ya sukari na sahani ya keki, kimewasha taa nyekundu.

"Vizuri," akasema. "Ukimruhusu mtu, hata awe ametoka jimbo lingine, bima yako inamfunika."

Moyo wa Bi Arlys ukarudi mahali pake. Akilini alimwona Gordy akitibiwa, Solveig akifunga ndoa baada ya wiki tatu, na yeye mwenyewe akizeekea katika nyumba ya ziwani aliyoijenga marehemu mumewe Orville, ubao kwa ubao. Kwa furaha akamsogezea mpelelezi sahani ya keki.

Sahani ilikuwa na kipande kimoja tu. Katika mji ule hakuna anayekula kipande cha mwisho, heri afe na njaa. Nordby akakikata katikati, akachukua nusu. Bi Arlys akaikata nusu iliyobaki, akachukua robo. Ile robo nyingine sasa ikawa ndiyo kipande cha mwisho, na wote wawili wakaiheshimu.

"Sasa," Nordby akasema, akiingiza mkono mkobani, "kuna hii."

Ikatoka karatasi ya rangi ya waridi. Bi Arlys aliitambua kabla haijakunjuliwa, maana aliichapa mwenyewe. Ilikuwa orodha ya zamu za kahawa kanisani kwa mwezi wa Februari, na ilikuwa imebandikwa mlangoni pa kanisa kwa yeyote mwenye macho. Jumapili ya tatu: Alcide Robichaux, nyumba ya Tollefsrud.

"Amekaa hapa siku ngapi, Bi Arlys?"

Aliona haya kuitaja hesabu hiyo. "Arobaini na saba."

Hapa lazima nikueleze haya hiyo ilitoka wapi. Alcide alikuja kwa siku nne. Siku ya nne alifunga sanduku, akaaga. Bi Arlys akamwambia kile ambacho kila mtu wa mji ule humwambia mgeni aliyekwisha kushika kitasa cha mlango: mbona haraka, kaa kidogo. Mgeni mwenye akili hujibu hapana. Hubembelezwa tena, akajibu hapana tena, kisha akaenda zake na kila mtu akashusha pumzi. Alcide alilitua sanduku chini, akasema asante sana. Wiki iliyofuata akaaga tena, akaambiwa tena mbona haraka, akalitua tena. Kufikia wiki ya tano hakujisumbua hata kulifunga.

Waswahili tuna dawa yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Minnesota mwezi wa Februari ardhi ni ngumu kama chuma, jembe halina kazi. Basi wao walimpa birika la kahawa kanisani, kwa adabu tu, asijione mpweke. Hilo birika ndilo lililowaponza.

Nordby alikisoma kifungu cha mkataba kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Anayelala zaidi ya siku thelathini katika nyumba ya mwenye gari si mgeni tena, ni mkazi. Na mkazi ambaye jina lake halikuandikishwa kwenye kampuni hana bima akiliendesha gari hilo, awe ameruhusiwa au hakuruhusiwa.

"Lakini huyu ni mgeni," Bi Arlys akasema. "Anaondoka."

"Lini?"

Kutoka chumba cha chini ya nyumba ilisikika mashine ya kufulia ikizunguka, na juu yake sauti nzito ya mwanamume ikiimba kwa raha zake. Nordby alisikiliza ubeti mzima kwa heshima.

"Ni yeye?"

"Anafua," Bi Arlys akasema.

Nordby akaandika: anafua.

Bi Arlys akarukia tawi la pili. Alisema Alcide ana gari lake mwenyewe huko Louisiana, lina bima yake, na hiyo nayo si inapaswa kumfuata popote aendapo? Mpelelezi akashusha macho kwenye kikombe. Alikwisha kupiga simu. Gari la Alcide limeegeshwa bandani kwa dada yake tangu mwaka mpya, na bima yake Alcide aliisimamisha mwenyewe. Karani wa huko alipomuuliza kwa nini, alisema haihitaji tena, huku aliko amepata gari.

"Gari gani?"

"Lako."

Basi ndiyo hiyo bima ya hao watu, blanketi fupi, ukifunika kichwa miguu iko nje. Bi Arlys alikuwa nazo mbili, moja ya Minnesota na moja ya Louisiana, na bado miguu ilikuwa kwenye theluji. Kila mwezi kwa miaka thelathini na nane alilipa bila kuchelewa, tena akiambatanisha kadi ya Krismasi kila Desemba. Kampuni ilizipokea kadi zote.

Akauliza kwa sauti ndogo ni nani basi atakayemlipa Gordy.

Nordby akamweleza taratibu. Sheria ya jimbo lao ilikuwa wazi: mwenye gari akimruhusu mtu kuendesha, kosa la dereva ni lake pia. Gordy mwenyewe hakudai kitu. Alilala hospitalini mguu ukining'inia, na alimjibu kila aliyemjulia hali kwamba ingeweza kuwa mbaya zaidi. Lakini Gordy ana mwana Minneapolis, na mwana ana wakili, na wakili alikwisha kuuliza ofisi ya ardhi ile nyumba ya ziwani ni ya nani.

Bi Arlys akaitazama dari. Orville aliipigilia misumari yake yote peke yake kiangazi walichooana, akashuka na shingo iliyopinda mwezi mzima. Bi Arlys alikuwa mwanamke asiyelia mbele ya watu. Hata siku ya kumzika Orville alikuwa jikoni kanisani akipaka mikate siagi. Sasa akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Na ningesema sikumruhusu?"

Nordby akanyoosha kidole kinene, akazima kinasa sauti. Taa nyekundu ikafa.

"Mimi nimezaliwa maili kumi na mbili tu kutoka hapa, Bi Arlys. Hebu nipe maneno yenyewe. Ulimwambiaje?"

Aliyakumbuka yote. Alcide alisimama pale pale penye jokofu na sufuria mikononi, akimhurumia Gordy kwa kukaa peke yake kwenye baridi.

"Nikamwambia, 'Unaweza kuchukua pikapu, nadhani, kama hakuna njia nyingine.'"

"Yeye akasemaje?"

"Akasema asante. Akachukua funguo."

"Hapo hapo? Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Nordby akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Wote wawili walijua. Katika mji ule ukipewa kitu unakataa. Ukipewa tena unakataa tena. Cha mara ya tatu ndicho unachopewa kweli. Mwaka ule jiko la kanisa liliposhika moto, wazima moto walikataa kahawa mara mbili kwanza, huku paa bado likifuka moshi. Na neno "nadhani" likishatiwa katikati ya maneno, maana yake ni hapana, mtoto wa miaka mitano analijua.

"Mama yangu angeniambia hivyo," Nordby akasema, "nisingethubutu hata kuziangalia hizo funguo mpaka mara ya tatu."

"Sikutaka aichukue," Bi Arlys akakiri. "Nilikuwa nangoja akatae."

"Basi hukumruhusu."

Mashine ya kufulia kule chini ilinyamaza. Hakuna aliyeliona hilo ila mimi na wewe, msomaji, tukumbuke.

Nordby akaendelea kwa upole ule ule. Kama Alcide hakuruhusiwa, Bi Arlys hana kosa lolote. Nyumba haiguswi, wakili wa Minneapolis akabishe mlango mwingine. Kinasa sauti kinaweza kuwashwa upya na maongezi yakaanza tangu habari za nyonga. Ila kulikuwa na jambo moja dogo. Anayechukua gari la mtu bila ruhusa ana jina lake kisheria, na jina hilo kampuni itabidi ilifikishe kwa polisi wa wilaya leo hii, kabla ya jua kuzama.

Tazama uzuri wa biashara hii. Ukisema ndiyo, kampuni hailipi. Ukisema hapana, kampuni hailipi. Kilichoachwa kwako uchague ni nani alie, wewe au mwenzako. Na Nordby, mtoto mwema wa mama yake, hakuwa amedanganya hata mahali pamoja.

Bi Arlys akaitazama saa ya ukutani. Solveig na mchumba wake Landry walikuwa njiani kutoka Minneapolis kuja kuonja keki ya harusi, wangefika kabla ya saa sita. Landry ni kijana anayempigia baba yake simu kila asubuhi kumuuliza amelalaje. Kijana wa namna hiyo haoi katika nyumba iliyomtia baba yake pingu. Na Solveig ana miaka thelathini na sita, na mama yake hajawahi kumsikia akicheka kama alivyocheka mwaka huu.

"Siwezi," Bi Arlys akasema.

"Nakuelewa," Nordby akasema, wala hakukusanya karatasi zake.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Alcide akaingia na kapu la nguo zilizofuliwa na kukunjwa, miguuni sapatu za marehemu Orville. Alimsalimia Nordby kama ndugu aliyepotea, akavuta kiti, akaiona ile robo ya keki kwenye sahani, akaila. Nordby akageuza uso dirishani asishuhudie.

"Bi Arlys," Alcide akasema, akijipangusa makombo, "lile bomba la hewa ya moto linapita juu ya mashine ya kufulia. Nimesikia yote."

Mashavu ya Bi Arlys yakawaka. Akaanza kusema kwamba sivyo alivyofikiri, kwamba walikuwa wanaongea tu, kwamba kahawa bado ipo.

"Siku arobaini na saba nimekaa hapa nikidhani mnanipenda," Alcide akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Kwetu mtu akikuambia kaa, ana maana ukae. Hivi mlikuwa mnangoja niondoke tangu lini?"

"Tunakupenda, Bwana Alcide."

"Umesema mara moja," Alcide akasema.

Kwa kweli Bi Arlys alikuwa amemzoea. Alikuwa amezoea pilipili zake, nyimbo zake, na namna alivyowatoa jasho wazee wa kanisa kwa chakula alichopika kwenye msiba wa Bi Eunice wa kanisani. Lakini kusema jambo hilo mara tatu mbele ya mtu wa bima, hapana, hakulelewa hivyo.

Alcide akalisukuma kapu pembeni, akamgeukia Nordby. Alisema aliyekanyaga breki ni yeye, na nyumba ni ya mume wa watu aliyelala kaburini. Iandikwe tu kwamba alichukua gari bila ruhusa.

"Hapana," Bi Arlys akasema. "Hapana, usijisumbue hata kidogo."

"Si usumbufu. Andika, Bwana Nordby, nimeiba."

"Hapana, bwana. Huo ni mzigo mkubwa mno kwako."

Kinasa sauti kilikuwa kimewaka tena. Ni saa ngapi kile kidole kinene kilitembea mpaka pale, hakuna aliyekiona.

Alcide akaweka viganja vyote viwili mezani. Siku arobaini na saba zilishindwa kumfundisha mji ule, lakini robo saa chini ya bomba la hewa ilimfundisha wote. Akatabasamu kidogo, akainamisha kichwa kama anavyofanya mchungaji wao anapoongezewa viazi.

"Mara ya tatu, Bi Arlys. Niache niseme niliiba."

Bi Arlys akafungua mdomo. Akalisikia likija lenyewe lile jibu la mji, jibu la kahawa ya tatu, la kiti cha mbele kwenye gari, la kipande cha nyama unachokitamani tangu ulipoketi.

"Basi," akasema, "kama unasisitiza."

Tungependa kumtetea. Tungesema ulimi hauna mfupa, tungesema ni mazoea ya miaka sitini na minne. Lakini mwenyewe alijijua. Zile hapana mbili ndizo zilizokuwa adabu. Hii ya tatu aliitaka, aliitaka kwa kila msumari wa Orville, na aibu ikampanda kutoka nyayoni mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Akamtazama Alcide. Tabasamu lilikuwa limebaki usoni pa mzee wa watu, lakini lilikuwa halina mtu ndani yake. Ndipo Bi Arlys alipoelewa kwamba Alcide alikuwa amejifunza vizuri kuliko walivyodhani. Safari hii ni yeye aliyekuwa akingoja akataliwe.

Nordby akasukuma karatasi. Alcide akaisoma mstari kwa mstari, akaomba kalamu, akatia sahihi pole pole. Kisha kalamu ikapita juu ya sahani tupu, ikafika mkononi mwa Bi Arlys. Mstari wake ulikuwa chini kabisa: mimi mwenye gari nathibitisha kwamba sikutoa ruhusa.

Nje, viatu vikapigwa-pigwa barazani kukung'uta theluji. Jozi mbili.

Solveig aliingia kwanza, pua nyekundu kwa baridi, amekumbatia sanduku jeupe la keki na kucheka jambo aliloambiwa njiani. Landry alikuwa nyuma yake. Alimpita mchumba wake, akambusu baba yake utosini, na akiwa bado ameinama pale, macho yake yakaangukia mezani.

Akaiokota karatasi. Bi Arlys alinyoosha mkono kuizuia, akachelewa.

Landry alisoma mpaka mwisho, akairudia sahihi ya baba yake, kisha akampa Solveig, naye akasoma huku sanduku la keki likiinama taratibu kifuani pake. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama," Solveig akasema. "Ulimpa ruhusa au hukumpa?"

Taa nyekundu iliwaka kati ya sukari na sahani. Bi Arlys akainuka, akachukua birika la kahawa, akaliinua juu ya vikombe, na mkono wake ukaganda hewani.